Mikono Safi ya Profesa

Kitu cha kwanza ninachokumbuka kwa Profesa ni jinsi alivyonawa. Watu wengine hunawa vidole, wakajipangusa kwenye nguo, basi. Yeye alikunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko, akasugua ukucha mmoja mmoja, kisha akainua mikono juu ili maji yateremke viwikoni, akasimama hivyo mpaka ikauke yenyewe. Mwenye nyumba alibaki ameshika birika huku ugali ukipoa. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Arua nzima haikuwa na sabuni. Sisi tulifulia majivu. Yeye alikuwa na kipande cha sabuni ya kunukia, amekifunga kwenye leso, kinakaa mfukoni mwa koti. Ungemtazama ungesema hapa duniani hakuna binadamu safi kama huyu. Mimi siku hizi nikimwona mtu ananawa sana, roho inanichafuka.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Hakuwahi kuniambia, na sasa sina hamu ya kujua. Alikuwa jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta mmoja, katika nyumba za wafanyakazi wa serikali nilizopewa chumba nilipoanza kufundisha shule ya msingi. Sisi kwetu ni Koboko, Wanubi, na dada yangu mkubwa aliolewa huko huko. Mwanzoni sote tulimwita Daktari. Baadaye tukaambiwa tumwite Profesa, tukamwita. Dada peke yake hakubadilisha. Kwake alibaki Daktari mpaka mwisho.

Nitasema ukweli hata kama unaniwasha: alikuwa fundi. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa lori, akipakia kahawa na tumbaku kwenda mpaka wa Vurra. Siku moja utumbo ulijisokota tumboni, tumbo likamvimba kama ngoma, akaletwa Arua amelazwa juu ya magunia, macho yamegeuka. Maduka ya Wahindi yalikuwa yameshafungwa na hospitali ilikuwa imeishiwa hata uzi wa kushonea watu. Daktari alimtuma mtu kwa fundi cherehani sokoni, akaleta kibunda cha uzi wa kushonea suruali, wakauchemsha. Akampasua, akaukunjua ule utumbo, akamshona. Shemeji akapona. Kovu lilitoka juu ya kitovu, likakizunguka kwa mkunjo mdogo upande wa kushoto, likateremka sawasawa hadi chini. Wauguzi walisema hawajaona mshono uliolala vile.

Shemeji alikuwa mtu wa mikogo. Kila hoteli ya chai njia nzima ya Vurra alifunua shati. Hata maofisa wa forodha walilijua kovu lake kuliko namba ya lori. Na kila Idi alimletea Daktari jogoo, na kila Idi Daktari alimwambia inua shati, akapitisha kidole juu ya kovu kuanzia juu hadi chini, polepole, kama fundi nguo anayekagua kola. Mimi nilikuwa nikicheka. Nilidhani ni upendo, na sijui, labda ulikuwepo kidogo.

Aliacha kupasua watu hai kwa sababu ya askari. Waliletwa majeruhi kutoka kambini, na mmoja wao alikuwa ofisa. Wenzake waliingia mpaka chumba cha upasuaji na buti zao na bunduki zao. Mmoja akamwambia, "Daktari, huyu akikufa, na wewe nakufa." Ofisa yule hakufa. Lakini jioni yake nilimkuta jirani yangu amekaa kwenye ngazi, anaitazama mikono yake. Nilimwonea huruma kweli kweli. Nikampikia uji. Akaniambia amechoka na watu wanaopumua, anataka kufundisha, kwa sababu wafu hawaji na askari mlangoni.

Alipata alichotaka, tena kwa namna ya enzi ile. Tulikuwa kwangu tunakunywa chai ya rangi, redio inasoma habari za mchana, fulani amefukuzwa kazi, fulani amepandishwa cheo. Mara tukasikia jina lake: ameteuliwa kuwa profesa wa elimu ya mwili wa binadamu, mkuu wa chuo kipya cha waganga wasaidizi, Arua. Hakuna aliyemwuliza. Hata yeye alisikia pamoja na sisi. Alicheka, chai ikammwagikia, halafu akaenda kuvaa koti. Tangu hapo sikumwona tena bila koti, hata jua la Januari.

Chuo chenyewe kiliwekwa kwenye ghala la zamani la tumbaku. Zile meza ndefu ambazo wanawake walikuwa wakichambulia majani ndizo walizolaza maiti. Ukipita nje ulisikia harufu ya tumbaku na ya dawa ya kuhifadhia maiti zimechanganyika, na ilishika kwenye nguo za wanafunzi, ikawafuata hadi sokoni. Mwanzo maiti zilikuwa za hospitali, watu waliokufa wakakosa wa kuwachukua, na hao hawakuwa wengi, maana kwetu hata mgeni aliyefia njiani hutafutiwa kabila lake akazikwe kwao. Halafu likaanza kuja lori la kambini.

Wanafunzi ndio waliotusimulia, kwa sauti ya chini. Lori linaingia kinyumenyume, turubai linafunuliwa. Profesa anatoka na koti lake. Haulizi majina, haulizi wametoka wapi, wala nani amewaua. Neno lake lilikuwa moja, "Wangapi?" Akiambiwa, anaonyesha meza. Na kabla wanafunzi hawajaingia, anapita mwenyewe na vitambaa vyeupe, anamfunika kila mmoja uso, anafunga nyuma ya shingo kwa fundo imara. Ole wake mwanafunzi atakayefungua. "Uso hauna somo," alikuwa akisema. Na msemo mwingine: "Maiti hana kabila." Maneno hayo wanafunzi waliyapenda, wakayaandika. Mimi pia niliposikia mara ya kwanza niliona ni maneno ya mtu mwema.

Na wema alikuwa nao, hilo ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Angekuwa mkatili moja kwa moja ningemsahau. Mbwa wa jirani alipogongwa na baiskeli, Profesa alimshona mguu akiwa amepiga magoti vumbini. Nilipougua malaria alikaa kwangu mpaka homa ikashuka. Mwanafunzi aliyecheka mbele ya maiti alimtoa nje, akamwambia hawa ni walimu wenu, mnatakiwa kuwaheshimu kuliko baba zenu. Aliwaheshimu kila kitu, mikono, maini, mishipa, akawaosha, akawapaka dawa. Kitu kimoja tu hakutaka kukijua, kwamba walikuwa na watu wanaowangoja.

Nisisahau chumvi. Kuna mwaka chumvi ilipotea kabisa. Tulipika kwa majivu ya magugu, mboga zikawa chungu. Profesa akawa anatuletea chumvi, kila nyumba kikombe, amekifunga vizuri kwenye karatasi. Tukamwombea dua. Ilichukua muda hadi mwanafunzi mmoja akaniambia kwamba dawa ya kuhifadhia imekwisha chuoni, sasa wanaloweka maiti kwenye mapipa ya chumvi, na magunia ya chumvi yanaletwa na lori lile lile, juu ya turubai lile lile. Nilipomwuliza, hakukana. Alisema kwa upole kwamba gunia letu ni tofauti, hakuna kilichogusana, na kwamba yeye mwenyewe aliipakua kwa mikono safi. Niliitupa ile chumvi. Jirani mmoja akaja akaizoa.

Sasa nije kwa dada. Lori la shemeji lilikutwa Vurra, pembeni mwa barabara, limeng'olewa magurudumu, mlango wazi. Yeye hakuwepo. Watu wa forodha waliomjua na kovu lake wote waligeuka bubu. Kambini dada aliambiwa bwana yake iko safari. Alikwenda, akarudi, akaambiwa hivyo hivyo, mpaka mlinzi mmoja akamwonea huruma, akamwambia asirudi tena kama anapenda maisha.

Kwa mwanamke wa kwetu, mume aliyekufa ana njia yake. Anaoshwa, anavishwa sanda, anaswaliwa, mke anakaa eda, siku zake zikiisha anatoka, ni mjane, maisha yanaendelea hata kama yanaendelea vibaya. Lakini mume aliyepotea hana njia. Dada hakuwa mke wala mjane. Hakuweza kulia kwa sauti, maana kumlilia mtu huenda ni kumwua. Alichofanya ni hiki: kila alasiri akipika, alimpakulia mumewe chakula kwanza, akakifunika kwa kawa lake la ukindu, lile la rangi alilomsukia mwaka wa harusi, akakiweka mahali pake ukumbini. Asubuhi alimpa mtu maskini. Alasiri nyingine alipakua tena.

Nilimleta Arua. Tukaenda pamoja kwa Profesa, kwa sababu alimpenda shemeji, na kwa sababu wakubwa wa kambi walikuwa wakimsalimia. Dada alikaa kwenye mkeka wake, ushungi umemfika machoni, akamwambia, "Daktari, mimi hapana taka kitu. Mimi nataka neno tu. Kama iko, nangoja. Kama imekufa, nakaa eda." Profesa alitoka akanawa mikono, ingawa hatukuwa tumekula, akarudi akasema, "Mama, Mungu ni mkubwa. Endelea kungoja."

Dada alirudi Koboko na neno hilo. Ndugu mmoja wa shemeji, mgane mwenye shamba Dranya, alitaka kumwoa, mtu mpole, na sheikh akasema mambo hayo yana utaratibu wake, yanaweza kutazamwa. Dada akakataa. Daktari amesema ningoje, alisema, na Daktari ndiye aliyeyaona matumbo yake, hawezi kunidanganya. Na kila nilipokwenda Koboko, Profesa alinipa kifurushi cha kumpelekea. Mara sukari, mara kitenge. Nilivipeleka vyote isipokuwa chumvi.

Mwaka sabini na tisa serikali ile ikaanguka. Wanajeshi walipita kwetu wakikimbilia Sudan na Zaire, na habari zikaja kwamba wanaowafuata hawatatofautisha mwanajeshi na Mnubi wala Mnubi na mtu wa Koboko. Shule ikafungwa. Nilikuwa nimeshahamia kwa dada, tumefunga mizigo yetu, tunasubiri lori la jirani litupeleke mpakani. Dada alikuwa hafungi sana. Aliniuliza, "Na yeye kama narudi, nakuta nani?"

Alasiri moja mtu alisimama uani. Koti lilikuwa la vumbi, viatu vimefunguka, lakini nilimjua kwa namna alivyoiweka mikono, mbali na mwili, kama mtu anayeogopa kujipaka kitu. Nyuma yake mchukuzi alitua sanduku la bati lenye kufuli, akaondoka bila kungoja. Profesa akalivuta lile sanduku mwenyewe hadi barazani, akalikalia kwanza, halafu akaondoka juu yake, akakaa chini. Alisema gari alilopanda limemwacha njiani na kwamba Koboko hajui nyumba nyingine. Nilimwuliza sandukuni mna nini. Akasema vifaa vya kufundishia.

Hajala tangu jana, alisema. Nyumbani hakukuwa na kitu zaidi ya kilichokuwa chini ya kawa, ugali wa muhogo na samaki mkavu kwa simsim, ufuta wa kusagwa. Nilimtazama dada. Akasema, "Mutu ya safari iko na njaa. Leta." Nikakileta. Dada mwenyewe alishika birika akammiminia, na yeye akanawa vile vile, viwiko juu, anasubiri ikauke, na barabarani watu wanapita na magodoro vichwani.

Alipomega tonge la kwanza aliuliza ni chakula cha nani. Dada akamwambia, "Ya bwana yangu. Yeye bado hapana rudi. Wewe kula."

Nilimtazama sana usoni wakati ule. Alisita. Halafu akachovya. Alikula samaki, akafyonza kichwa, akapangusa simsim kwa ugali hadi sahani ikang'aa. Akashiba. Na aliposhiba ulimi ukamlegea, kama wanaume wengi. Akaanza kumsifu shemeji, kwamba alikuwa na mwili mzuri, wa kupona haraka. Akasimulia habari ya uzi wa suruali, ambayo tuliijua. Akasema ule ndio mshono wake bora kuliko yote aliyowahi kushona.

"Hata wakati ule ulikuwa bado umelala sawa," alisema. "Niliwaonyesha wanafunzi wangu. Kila mmoja aligusa."

Dada alikuwa ameshika birika tayari kumnawisha. Akauliza, "Wanafunzi yako nagusa mutu ya kufa tu. Sivyo, Daktari?"

Profesa alikuwa amenyoosha mikono mbele kungoja maji.

Niliuliza mimi, ni lini. Akasema ni mwezi ule ule lori lilipokutwa Vurra. Akasema kwa haraka, kwamba yeye hakumwua mtu, aliletewa, kwamba alishamfunika uso kama wengine bila kumtazama, na alipofunua tumbo ndipo akakutana na kazi ya mkono wake mwenyewe. Kwamba angesema wangemwua. Hilo najua, woga ule tulikuwa nao sote na simlaumu kwa woga. Lakini dada alipokaa kwenye mkeka wake akiomba neno moja, shemeji alikuwa ndani ya pipa la chumvi, mwendo mfupi kutoka hapo, na huyu bwana alikwenda akanawa, akarudi akamwambia aendelee kungoja. Angeweza kumnong'oneza. Ushungi ungeficha machozi.

Dada alisema, "Iko wapi?"

Profesa aligeuza macho kwenye sanduku. Na hapo, Mungu ni shahidi wangu, uso wake ulichangamka kidogo. Alisema hakuwaachia watu wavamie ghala na kumtupa. Kwamba alimwandaa mwenyewe, mfupa kwa mfupa, na kwamba hakukosekana hata kidole kimoja.

Dada aliliweka birika chini, nyuma yake, mbali na ile mikono. Alivua bangili, akaziweka juu ya sahani tupu, akavuta ushungi.

"Funguo acha hapa," alisema. "Sanduku acha hapa. Sasa wewe toka. Mimi iko na eda, mwanaume ya nje hapana kaa na mimi."

Aliutoa ufunguo mfukoni. Alisimama na vidole vimejaa simsim, ameviinua juu, akitafuta maji kwa macho, kwangu, kwa dada, kwangu tena. Hakuna aliyesogea. Akatoka uani akaifuata barabara ya mpakani, mikono bado iko juu. Baadaye nilisikia alifika Sudan na kwamba anafundisha tena.

Wazee wachache waliobaki mjini walikuja wakamwosha shemeji. Kila mfupa ulikuwa na herufi ya wino mweusi, na mingine imetobolewa kupitisha waya. Waya waliukata. Wino waliusugua sana, haukutoka, mpaka mzee mmoja akasema inatosha, Mungu anasoma. Tukamswalia, akazikwa nyuma ya nyumba. Sheikh alimwambia dada kwamba kwa hesabu eda yake ilishapita zamani bila yeye kujua, yuko huru, apande lori akimbie. Dada alikaa eda yake yote. Risasi zilipita, majirani walikwenda, nami nilikaa naye, na kila alasiri alipika chakula cha watu wawili tu.

Miaka mingi baadaye nilikutana na mwanafunzi wake wa zamani, sasa mganga mkubwa mwenye kitambi, akimsifia. Aliniambia Profesa aliihatarisha roho yake kuvuka nchi iliyokuwa ikiungua na sanduku lile, ili tu amrudishe mtu kwa mkewe. Alikuwa na machozi. Nilimwambia mimi nilikuwepo. Alikula kwanza.